Visiki vya Tantine

Shamba la Tantine liko kando ya barabara ya Kasenga, mahali ambapo zamani ukitoka tu Lubumbashi unaingia pori la miombo. Agosti ile halikuwa pori tena. Vichuguu vilikuwa bado vimesimama, virefu kupita nyumba, lakini kati yake ni visiki, majivu na vumbi jekundu. Miti yenyewe ilishaingia mjini kitambo, ndani ya magunia ya makala, yaani makaa, juu ya baiskeli za vijana.

Nilikuwa nimempeleka mgeni, bwana shamba kutoka Maradi, nchini Niger. Alikuja kwa mkutano, akachoka kutazama picha ukutani, akaomba aone shamba la kweli. Yeye alisema Kifaransa, Tantine Kiswahili, mimi nikawa katikati.

Tulikuta vijana wanang'oa visiki ili Tantine apate pa kupanda mahindi mvua za Novemba zikianza. Mgeni alisalimia vizuri, kisha akapiga magoti mbele ya kisiki cha mutondo, mti wa miombo, kilichochipua fimbo nyingi nyembamba zinazosongamana. Akaomba panga. Alizipapasa moja moja, akachagua nne zilizonyooka, nyingine akazikata kwa kupiga kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Zile nne akazipogoa matawi mpaka nusu ya urefu wake. Akasimama, akajipangusa magoti.

"Baba, kazi yote njo hii?" Tantine akauliza.

"Njo hii," nikamjibu, hata kabla sijamfasiria mgeni.

Tulikaa kwenye kivuli cha kichuguu, naye akasimulia ya kwao. Mvua yao ni ya miezi mitatu, minne hivi. Upepo ulikuwa unafukia mtama uliochipua, mtu anapanda tena na tena msimu huohuo. Miche ya miti ililetwa kwa maelfu, mingi ikafa. Mwaka 1983 Mwaustralia mmoja, Tony Rinaudo, alisimamisha gari apunguze upepo wa matairi kwa sababu ya mchanga, akatazama vichaka vya kando ya njia na kutambua kwamba ni miti ya asili iliyokatwa, mizizi yake ikiwa hai chini. Tangu hapo wakulima wa Niger wamerudisha miti kwenye hekta zaidi ya milioni 5, karibu yote bila kupanda mche. Mgeni alisifu sana mti mmoja wanaouita gao, unaopukutisha majani wakati wa mvua, hivyo mtama unakua chini yake bila kunyimwa jua. Mimi mti wenye akili namna hiyo sijauona mwingine.

Tantine hakushangilia. Alisema kwetu si jangwa, mvua iko, shida ni watu: fimbo zikinenepa kidogo tu, mchoma makala anafika usiku. Mgeni akacheka, akasema hata kwao ilikuwa hivyo, mpaka kila mkulima alipohesabu mti wa shambani kuwa mali yake na kijiji kikakubali kumtoza faini mwizi.

Jioni ileile Tantine alimpigia simu shemeji yake, mchoma makala wa siku nyingi. Alimwambia matawi yote yatakayopogolewa ni yake, ila akigusa shina watakutana kwa chefu wa kijiji. Vijana wakaambiwa mahindi yatapandwa katikati ya visiki. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei nyasi zikiwa bado na ubichi, wakafyeka na kuchoma ukanda kuzunguka sehemu ya juu ya shamba, kwa kuwa moto wa mwisho wa kiangazi ndio unaoua machipukizi.

Septemba moto ulipita sehemu ya chini, ambayo haikufyekewa, ukala kila kitu. Juu mitondo ilikuwa imeshatoa majani mapya mekundu. Shemeji alikuja kutazama, akaomba na sehemu ya chini apewe aitunze yeye. Tantine akamwambia aje na panga lake mwenyewe.