Kalenda mbili ukutani

Usiku huu nimekaa na daftari kupanga kazi za miezi ijayo. Mchora hina wa Unguja hapangi mwaka kwa kalenda moja. Harusi zetu zinafuata mwezi mwandamo: Rajabu na Shaabani watu wanakimbizana kuoza kabla ya Ramadhani, Ramadhani yenyewe kimya, mfungo mosi ukiingia simu haitulii. Watalii nao wana miezi yao, Juni hadi Oktoba, kisha Disemba hadi Februari. Masika yakishika, Aprili na Mei, pwani za Paje na Nungwi zinapwaya.

Kalenda hizi hazitembei pamoja. Mwaka wa mwezi mwandamo una upungufu wa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2024 ilianza Machi ikaishia Aprili, wageni wenyewe wameshapungua, kwa hiyo sikupoteza kikubwa. Ikishaingia Februari, mwezi wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, mambo ni mengine: bibi harusi wa Shaabani na wageni wa Januari wananitaka wiki ile ile. Na kwa hesabu, mwaka 2030 tutafunga mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Nimeshaiandika. Mume wangu kacheka sana.

Hina yenyewe haina haraka. Unga unakorogwa kwa ndimu na sukari, unaachwa saa kadhaa utoe rangi. Ukishachorwa, bora ulale nao. Asubuhi ukiubandua unaona rangi ya chungwa, watu wanaingiwa na wasiwasi, lakini inakolea kesho yake na keshokutwa. Kwa hiyo mie nahesabu kutoka siku ya harusi kurudi nyuma: harusi Jumapili, hina Ijumaa. Anayenipigia asubuhi ya harusi namwambia hapana, hata akitaja pesa. Piko jeusi, lile la dawa ya nywele, linashika upesi, ndiyo maana wenye haraka wanalipenda. Ila ile dawa inaweza kubabua ngozi ikaacha kovu. Kwa watoto silitii kabisa.

Siku yangu imekatwa na adhana. Baada ya alfajiri, nyumba ikiwa imelala, nabuni michoro mipya. Adhuhuri nikishasali najibu ujumbe na kuandika hesabu, maana joto lile halina ubunifu. Wateja baada ya alasiri. Nimewahi pia kujaribu mtindo wa Muitaliano Francesco Cirillo, yule wa saa ya jikoni yenye umbo la tungule: dakika 25 kazi, 5 kupumzika. Kwa michoro ya karatasi unanifaa. Kwa mkono wa bibi harusi haufai, huwezi kumwachia mtu ua nusu ukaenda kunyoosha mgongo.

Saa si tatizo sana. Tatizo ni watu. Anayefanyia kazi nyumbani huhesabiwa kuwa yupo tu. "Mwanangu, kwani leo una kazi gani?" Mama mdogo ananiuliza, brashi nimeishika. Sasa mgeni asiyelipa arubuni simwandiki daftarini. Jamaa siwadai arubuni, ingekuwa kuvunjiana heshima; nawadai tarehe. Wakinipa tarehe mapema, nawachora bure na kwa moyo. Wakija bila tarehe wanasubiri foleni, shangazi akiwa mmoja wao, na kweli aliwahi kununa.

Kuna usiku mmoja tu usiopangika: wa kuamkia Iddi. Jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani hakuna ajuaye kama mwezi utaonekana. Mchana wake nakoroga unga wote, natia kwenye koni, majina nayapanga kwa mtaa, watoto mwanzo kwa sababu wanasinzia. Mwezi ukitangazwa tunachora hadi karibu na alfajiri. Usipotangazwa, koni zote zinaingia kwenye friza. Hina iliyogandishwa haiharibiki, kesho yake unaiacha iyeyuke na kazi inaendelea. Wateja wa usiku ule nimeshawaambia mapema: mkisikia tangazo msinipigie simu, njooni.