Wote tuna aplikesheni za muziki, anayelipwa ni bando

Siku hizi ukikaa na vijana wa chuo hapa Mwanza, pale Nyegezi, utasikia ubishi wa Spotify na Apple Music na Boomplay kama ule wa Simba na Yanga, yaani mtu anatukana huduma ya mwenzake wakati hata ya kwake hailipii, anatumia ile ya bure yenye matangazo. Mdogo wangu ni mmojawapo. Ukimuuliza mwezi huu umelipia nini kwenye muziki anakujibu bila aibu, bando.

Na kusema ukweli hajakosea, ndo maana nasema hii vita huku kwetu tunaiangalia upande usio wenyewe. Tunabishana nani ana nyimbo nyingi wakati nyimbo karibu zote ni zilezile, hao wakubwa kila mmoja anajisifu ana zaidi ya milioni 100, msanii ukimkosa huku utampata kule. Kwa hiyo wanagombania kitu kingine, njia ya kukufikia wewe na njia ya kukutoa hela.

Angalia walivyoanza. Spotify ilianzishwa Stockholm 2006, watu wakaanza kuitumia 2008, kipindi ambacho dunia nzima inapakua bure na kampuni za kurekodi zinalia. Ujanja wao ulikuwa huu, sikiliza bure na matangazo, ukichoka kelele lipia. Apple wakaja Juni 2015, wao bure hawataki, wakati huo ulikuwa unajaribu miezi mitatu halafu unalipa, na mwanzoni walipanga kwenye ile miezi mitatu wasanii wasipewe kitu, Taylor Swift akawaandikia barua hadharani wakabadilika fasta. Halafu likaja la malipo. Ukijiunga kupitia iPhone, Apple alikuwa anakata hadi asilimia 30, na hakutaka Spotify amwambie mteja kwamba kuna pengine pa kulipia kwa bei nafuu. Spotify akamshtaki Apple kwa Umoja wa Ulaya 2019, na Machi 2024 Apple akapigwa faini ya zaidi ya euro bilioni 1.8. Sasa kesi kubwa namna hiyo, hakuna sehemu wanabishania ngoma gani kali!

Huku kwetu aliyewahi ni Boomplay, alianzia Nigeria 2015 chini ya wenye Tecno, kwa hiyo ulikuwa unanunua Tecno yako pale Makoroboi ukiwasha tu unamkuta yuko ndani anakusubiri. Apple Music ilifika Tanzania Aprili 2020, Spotify Februari 2021. Sisi wenyewe tulishajaribu, kulikuwa na Mkito, Diamond na Wasafi yake nao wakaja na wasafi.com 2017, ila kumzoesha mtu kununua wimbo wakati YouTube ipo sio kazi ndogo.

Mpinzani wa kweli wa hawa wote nimemkuta mtaa wa Mlango Mmoja. Kibanda kidogo cha kuingizia watu nyimbo, laptopu yenye vitufe vimeng'oka, spika moja nje inapiga kuanzia asubuhi, na ukimpa kijana memori kadi anakuuliza swali moja tu, "za wapi?" Mafolda kayapanga kwa majina yake mwenyewe, Bongo mpya, Zilipendwa, Kwaya, Singeli kali, halafu kuna moja limeandikwa Harusi Kisukuma na ndo zito kuliko yote. Buku yako kadi inajaa, hakuna nywila, hakuna kadi ya benki, hakuna kukatwa mwezi ujao. Dereva wa daladala anakuja na flashi anasema nibadilishie zote, kijana anajua kabisa abiria wa Igoma wanataka nini. Sijaona programu inayopendekeza nyimbo ikamfikia yule dogo.

Sasa wewe njoo umwambie huyo dereva alipe kila mwezi, kwa kadi, halafu bado anunue bando la kusikilizia. Hapo ndo pagumu, unalipa mara mbili. Wenzetu India Spotify waliwawekea kifurushi cha siku na cha wiki, vijisenti tu, kwa sababu waliona mtu wa kipato cha kuunga unga hafikirii kwa mwezi. Mtu wa Kirumba anayeuza dagaa anapata hela leo anaitumia leo, kila kitu kwake ni cha siku, kuanzia bando mpaka hesabu ya boda. Huduma itakayomzoesha mtu kulipia muziki wa siku moja kwa hela ya simu hiyo itakula soko la kanda ya ziwa, mengine mbwembwe.

Mi mwenyewe nalipia moja, na kilichonifanya nilipie ni safari za Ukerewe, sio mapenzi ya wasanii wala nini. Meli ikishaacha bandari ukaanza kuyaona yale mawe kwa mbali mtandao unaanza kuyumba, na wa bure yule anabaki anazungusha kile kiduara. Aliyelipia anapakua nyimbo kabisa nyumbani kwa waifai ya mtu, anakaa zake juu na upepo mpaka Nansio.

Ila kuna kitu kinanikera. Shirikisho la kampuni za kurekodi duniani, IFPI, wanasema mwaka 2024 muziki uliorekodiwa uliingiza dola bilioni 29.6, zaidi ya bilioni 20 zikitokana na strimu, yaani kusikiliza mtandaoni, na watumiaji wa akaunti za kulipia walifika milioni 752. Afrika yote kusini mwa Sahara mwaka huo ndo kwanza ilivuka dola milioni 100, na kipande kikubwa cha hizo ni cha Afrika Kusini. Halafu zinavyogawanywa, hela yangu haiendi moja kwa moja kwa ninayemsikiliza, inatupwa kwenye chungu kimoja na za wenzangu, kinagawanywa kwa kuangalia nani kasikilizwa sana, na tangu 2024 Spotify wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa mwaka hauingii kwenye mgao. Kwa hiyo mi nikishinda wiki nzima na nyimbo za mzee mmoja wa Magu, hela yangu nyingi inaenda kwa mastaa ambao hata siwasikilizi.

Na huyo mzee mara nyingi hata hayumo. Anarekodi, anasambaa kwenye memori kadi kuanzia Misungwi mpaka Bariadi, harusini watu wanacheza mpaka vumbi, halafu ukimtafuta YouTube unamkuta kwenye chaneli ya mtu mwingine kabisa, jina limekosewa, na matangazo yanapita juu. Yeye hela yake ni ya kuitwa kwenye sherehe basi. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo na sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, lakini nani anamfuata kijijini kumsaidia kusajili nyimbo zake aingizwe huko kwenye mahuduma?

Kwa hiyo kama una nyimbo za harusi za Kisukuma za zamani, nitumie jina la mwimbaji na anapotokea kwanza, faili baadaye. Nataka nijue nani yumo kwenye hizi aplikesheni na nani hayumo, nikishapata majina ya kutosha nayabandika hapa.