Kulazwa kwa TB ughaibuni: kohozi ndilo lililonifungulia mlango

Nianze na watu wa "usiwaambie". Nilipopata kikohozi kisichokoma, kila niliyempigia simu alikuwa na ushauri, na karibu wote ulikuwa mbovu. Mmoja, tena msomi, alinionya nisithubutu kuitaja TB mbele ya daktari, eti nitafungiwa miezi sita halafu nipandishwe ndege nirudishwe kwetu. Mwingine akasema nchi hizi TB iliisha zamani, kwa hiyo hata nikiwa nayo hawana dawa zake. Huyo wa pili alinichekesha mpaka nikakohoa upya.

TB haijaisha popote. Shirika la Afya Duniani huihesabu nchi kuwa na TB kidogo pale wagonjwa wapya wanapokuwa chini ya 10 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Marekani wako kwenye 3 hivi. Dawa zipo, maabara zipo, tena za kiwango cha juu. Kinachokosekana ni daktari wa mapokezi kuikumbuka. Yeye anaona vikohozi kutwa nzima na vyote ni mafua, nimonia au sigara, TB ataitoa wapi kichwani? Ndiyo maana nasema huku mgonjwa ndiye wa kuitaja kwanza. Mimi niliitaja, na najisifu kwa hilo kwa sababu hakuna mwingine aliyenisifu.

Mara ya kwanza haikusaidia kitu. Wana fomu yao, na kwenye fomu kuna swali: umesafiri nje ya nchi wiki za karibuni? Sijasafiri. Tiki, tukaendelea. Swali hilo linafaa kwa malaria. Vimelea vya TB vinaweza kulala mwilini miaka na miaka vikingoja kinga ilegee. Wengi walioambukizwa hawaugui kabisa, ni kama mmoja kati ya kumi, au pungufu ya hapo, anayeugua katika maisha yake yote. Lakini katika nchi hizi wagonjwa wengi ndio hao hao, waliambukizwa zamani, wakaugua leo. Kwa hiyo ukiulizwa safari, jibu na lile ambalo hujaulizwa: umekulia wapi, umelala chumba kimoja na nani, nani kwenu aliwahi kumeza dawa za TB. Mimi nilimwambia daktari kwamba marehemu mjomba aliyetulea alitibiwa TB nikiwa mdogo. Alikuwa ameshaanza kuandika nimonia. Akaniangalia kwa upole, akamalizia kuandika nimonia.

Na vile vidonge vya nimonia alivyoniandikia ndivyo vilivyotuchezea shere. Ilikuwa levofloksasini, dawa ambayo hutumika pia kutibu TB sugu. Homa ikashuka, hamu ya kula ikarudi, nikawapigia simu wale washauri wangu kuwatambia. Dozi ikaisha. Jasho la usiku likarudi na jeshi lake. Dawa za kundi hilo huituliza TB kidogo bila kuimaliza, na kwa sababu hiyo huchelewesha kugundulika kwake.

Nikarudi na karatasi. Hiki ndicho kitu nilichokifanya kwa akili kuliko vyote. Niliandika kwa herufi kubwa: kikohozi cha wiki nyingi, jasho la kulowesha shuka, mkanda umesogea matundu mawili, mjomba aliugua TB, nimemaliza dozi ya nimonia bila kupona. Mstari wa mwisho: naomba picha ya kifua na kipimo cha kohozi. Sikusema neno, nilimkabidhi nesi tu. Kabla sijakaa nilishavikwa barakoa. Picha ikaonyesha tundu juu ya pafu la kulia, na kuanzia hapo watu wote niliowaona walikuwa wanatembea haraka.

Chumba walichoniweka kilikuwa na milango miwili na kajinafasi katikati. Hewa yake huvutwa nje kwa mashine ili mlango ukifunguliwa hewa ya korido iingie ndani, ya kwangu isitoke. Kwa kuwa sikuwa na kazi, niliamua kuwakagua. Nilichana kipande chembamba cha karatasi ya chooni, nikakishikilia chini ya mlango. Kikapinda kuelekea kwangu, kikatetemeka, hakikusimama hata mara moja. Nesi akanikuta nimepiga magoti. Akasema fundi wao naye hupima hivyo hivyo. Nikajiona mhandisi. Walikuja na wanafunzi wa udaktari pia, makundi makundi, kunisikiliza kifua, maana wengi walikuwa hawajawahi kukutana na TB nje ya kitabu. Nilikuwa nawaelekeza: hapo juu zaidi, kulia, haya sasa navuta pumzi.

Sasa kohozi. Hapa wengi huchelewa kutoka, na hakuna anayekwambia. Walitaka sampuli tatu, na walau moja iwe ya alfajiri. Ya kwanza nilijaza kikopo kwa bidii, povu jeupe zuri, nikakabidhi kwa fahari. Maabara wakarudisha jibu kwamba ni mate. Ya pili, mate. Mdomo unaweza kujaza kikopo kizima na pafu lisitoe kitu, na wao wanataka kitu kizito, kinachovutika, chenye rangi ya usaha. Ndipo nesi mmoja wa zamu ya usiku, mama mtu mzima, akanifundisha. Usile wala usinywe chochote ukiamka. Suuza kinywa kwa maji matupu. Kaa ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, inamia mbele. Vuta pumzi ndefu, ibane kidogo, iachie taratibu. Rudia. Halafu kohoa kutoka tumboni, siyo kooni, na kikopo kiwe tayari mdomoni kwa sababu likitoka halingoji. Bafu la maji moto kabla yake lilisaidia kulainisha. Aidha, usione aibu. Mimi nilikuwa nakohoa kistaarabu, kama mtu aliye kwenye ibada, na kistaarabu hakitoi kitu.

Ikishindikana kabisa wana mashine ya kukuvutisha mvuke wa maji ya chumvi kali. Nilivutishwa mara moja. Kikohozi kilichofuata kilitoka mahali ambapo sikujua nina mahali. Kipimo cha molekuli, kile kinachotafuta vinasaba vya vimelea, kikatoa jibu siku ile ile, TB ipo, na dalili ya usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB, hakuna. Kuotesha vimelea ndiko kunakochukua wiki.

Nilibishana nao sana kuhusu kukaa pale. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba huko Madras, India, utafiti uliochapishwa 1959 uliwalinganisha wagonjwa waliotibiwa nyumbani na waliolazwa sanatoria, yaani hospitali maalumu za TB, na waliobaki nyumbani walipona vizuri, wala familia zao hazikuambukizwa zaidi. Kwa nini basi mimi nimefungiwa? Daktari alinijibu bila kukasirika: nyumbani mnaishi na mtoto mchanga. Hapo nikanyamaza. Angekuwa hayupo, pengine ningeachiwa mapema zaidi nijitenge kwangu. Kwa hiyo siku ya kulazwa taja kila mtu mnayeishi naye na umri wake, ndiyo inayoamua. Mimi walitaka wiki mbili za dawa, homa iwe imekwisha, na makohozi matatu yasionekane vimelea kwenye hadubini. Kufikia wakati huo nilikuwa bingwa wa kikopo.

Gharama? Bando la intaneti ndilo lililonifilisi. Matibabu yenyewe nchi nyingi za namna hii huyabeba kwa sababu wanaogopa maambukizi kuliko bili. Uingereza, kwa mfano, hata asiye na vibali hatozwi kwa matibabu ya TB. Yule msomi wa ndege nilimtumia habari hiyo. Hajajibu.

Dawa ni nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Mkojo hugeuka rangi ya chungwa, na machozi pia, kwa hiyo kama unavaa lenzi laini za macho ziache, zitabaki na rangi. Kwa ajili ya ethambutoli, mojawapo ya hizo nne, walinipimia macho kwa kitabu cha vidoto vya rangi vyenye namba ndani. Isoniazidi, nyingine kati ya hizo, huja na vitamini B6 ili vidole visife ganzi. Ukiona macho yamekuwa manjano au kichefuchefu kimezidi, piga simu siku hiyo hiyo, ini hilo. Na wanaotenga vikombe na sahani waache, TB hupita kwenye hewa.

Sasa hivi namezea dawa mbele ya kamera ya simu, natuma video, nesi anahakiki. Juzi aliniandikia niwashe taa, haoni kama nimemeza au nimeficha shavuni.