Juu ya Tuta la Reli: Kutoka Bristol hadi Bath kwa Baiskeli

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya mwezi Agosti, nilitoka mtaa wa Old Market katikati ya jiji la Bristol, magharibi mwa Uingereza, nikaingia katika njia ya lami yenye upana wa mita 3 hivi ambayo magari hayaruhusiwi kuipita. Nilikuwa nimejipangia mwendo wa kilomita zipatazo 60 kwa siku moja: kwenda Bath kwa njia ya reli ya zamani, kuzunguka vilima vilivyo kusini mwa mji huo kupitia mahandaki mawili, kuufuata mfereji hadi Bath tena, kisha kurudi Bristol kabla ya giza. Kwa mtu aliyekulia Nachingwea, ambako baiskeli hubeba korosho, maji, mgonjwa na bibi harusi, kilomita 60 si habari ya kusimulia. Kilichonivuta ni kwamba karibu safari yote ningeifanya bila kusikia honi nyuma yangu.

Jambo hilo lina uzito kwangu. Nilipokuwa nikiishi Dar es Salaam niliiacha baiskeli kwa miaka tisa, baada ya gari la abiria kunisukumia mtaroni asubuhi moja na kwenda zake bila kusimama. Bega lilipona katika miezi miwili, lakini woga ulibaki, na hata nilipohamia Bristol niliendelea kupita kando ya maduka ya baiskeli nikiwa nimegeuza uso upande mwingine. Njia hii ndiyo iliyonirudisha kwenye tandiko.

Awali ilikuwa reli ya kampuni ya Midland. Treni za abiria ziliacha kupita hapa mwaka 1966, katika kipindi ambacho serikali ya Uingereza ilifunga maelfu ya kilomita za reli zilizoonekana kuwa hazilipi, na kwa miaka kadhaa tuta lilibaki kuwa mali ya miiba na takataka. Mwaka 1977 baadhi ya wakazi wa Bristol waliunda kikundi walichokiita Cyclebag, na mwaka 1979, wakiongozwa na mhandisi John Grimshaw, wakaanza kutengeneza kipande cha kwanza upande wa Bath kwa nguvu za kujitolea, wakitumia sepetu na toroli. Kufikia mwaka 1986 njia yote ya kilomita 21 ilikuwa imekamilika. Kikundi hicho kilikua kikawa shirika la Sustrans, ambalo baadaye lilisimamia ujenzi wa mtandao wa njia za baiskeli wa nchi nzima, na njia niliyokuwa nikiipita ni sehemu ya Njia Namba 4 ya mtandao huo.

Mwendesha baiskeli huielewa thamani ya reli iliyokufa kwa magoti yake. Treni ni mzigo mzito unaotembea kwa magurudumu ya chuma juu ya chuma, nayo haiwezi kupanda mlima wa ghafla. Kwa hiyo wahandisi wa karne ya 19 walivipasua vilima, wakaujaza udongo huo mabondeni na kurusha madaraja juu ya mito, ili mwinuko usizidi kile ambacho injini ya mvuke ingeweza kukimudu. Kazi yote hiyo imerithiwa na baiskeli. Kutoka Bristol njia hupanda kwa kilomita kadhaa, lakini hupanda kwa upole kiasi kwamba sikubadilisha gia hata mara moja. Niligundua kuwa napanda kwa sababu tu pumzi ilianza kusikika.

Vitongoji vya Easton na Fishponds vilipita nikiwa juu ya tuta, nikitazama nyuma za nyumba, kamba za nguo na bustani ndogo za mboga. Penye Fishponds pana sanamu ya samaki mkubwa aliyesimama kwa pua, ambayo watoto huitumia kujua wamefika wapi. Saa hiyo nilikutana na wafanyakazi wa zamu ya asubuhi, mama mmoja aliyembeba mtoto katika kiti cha mbele, na wazee wawili waliokuwa wakitembea na mbwa. Waenda kwa miguu wana haki sawa na sisi hapa, na adabu ya njia ni kukaa kushoto, kugonga kengele mapema na kupunguza mwendo. Wapo wanaoipita kana kwamba wako mashindanoni. Hao wananikera, kwa sababu mzee anayeshtuliwa leo hatarudi kesho.

Mwaka 2008, mwaka ule ule ambao Bristol ilitangazwa kuwa jiji la kwanza la baiskeli nchini Uingereza, palitokea pendekezo la kuyapitisha mabasi yaendayo haraka juu ya sehemu ya njia hii. Maelfu ya watu walitia saini kupinga, na pendekezo likawekwa kando. Mimi ni mpenzi wa mabasi ya aina hiyo, nimeyapanda Dar na najua yanavyookoa muda, lakini nadhani wakazi wale walikuwa sahihi: basi lina barabara nyingi za kupita, na mtoto anayejifunza baiskeli hana nyingine.

Handaki la Staple Hill lina urefu wa mita 471. Unaingia kutoka katika jua na ubaridi unakupokea kama wa stoo ya chini ya ardhi, maji yakidondoka kutoka darini na taa zikinyooka mbele hadi kwenye tundu dogo la mwanga. Baada ya hapo njia huanza kushuka. Ziko kuta za stesheni ya zamani ya Mangotsfield, zisizo na paa, na jukwaa la abiria ambalo sasa limeota majani. Nilipita bila kusimama, nikijua kwamba nitalikuta wakati wa kurudi.

Kuanzia Warmley mji hukatika na mashamba hufunguka. Kwenye kingo za tuta matunda meusi ya mwituni, yanayofanana na forosadi lakini yenye miiba mikali, yalikuwa yameiva, nami nilisimama mara tatu kuyachuma. Kufika Bitton nilikuta treni ya mvuke ikipasha moto: wapenzi wa reli wamerudisha vyuma kwenye kipande cha njia, na kwa kilomita kadhaa baiskeli na treni hutembea sambamba, zikitenganishwa na uzio. Moshi wa makaa ya mawe ulinifuata hadi kwenye daraja la mto Avon. Mto huo hujipindapinda sana, na reli, kwa kuwa haikuweza kupinda nao, iliukata tena na tena. Kila daraja lilinionyesha maji yale yale kwa upande mwingine, ng'ombe wakiwa wamesimama ndani yake hadi magotini.

Bath nilipita kwa haraka. Ni mji mzuri wa mawe ya rangi ya asali, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, lakini siku hiyo nilikuwa na hamu ya mahandaki.

Njia ya Mahandaki Mawili ilifunguliwa mwezi Aprili 2013, juu ya reli ya Somerset na Dorset, ambayo nayo ilifungwa mwaka 1966. Handaki la kwanza, Devonshire, lina mita 409. Unatoka, unapita kibonde chenye miti mirefu, kisha unaingia handaki la Combe Down, ambalo urefu wake ni mita 1,672. Nilivaa koti, nikawasha taa zote mbili, nikaingia. Baada ya dakika mbili hakuna mlango unaouona mbele wala nyuma. Katikati ya kilima, taa za rangi huwaka zenyewe unapokaribia na sauti ya fidla hutoka ukutani, ikikupokea na kukukabidhi kwa nyingine iliyo mbele. Nilikuwa nimesimuliwa habari ya muziki huo. Hata hivyo niliposhuka na kutembea kwa miguu ili usiishe upesi, machozi yalinilengalenga.

Ukuta wa handaki hilo uko karibu sana, kwa kuwa lilichimbwa kwa ajili ya reli moja tu na halikupewa matundu ya hewa. Mwezi Novemba 1929 treni ya mizigo iliyokuwa ikienda taratibu mno ilijaza handaki moshi, dereva na mwenzake wakapoteza fahamu, na treni ikateremka bila mwongozaji hadi kwenye yadi ya Bath, ambako ilipinduka. Watu watatu walikufa, dereva akiwa mmoja wao. Nikiwa kati, nikivuta hewa baridi na safi, niliyafikiria mapafu ya mtu yule.

Kutoka hapo njia hupita juu ya daraja refu la Tucking Mill na kufika Midford. Kipande kinachofuata, kupitia kijiji cha Monkton Combe, ni barabara ya kawaida yenye magari machache, na nakiri kwamba bega langu lilikakamaa mara mbili gari liliponipita. Kisha likatokea daraja la Dundas, lililosanifiwa na mhandisi John Rennie mwishoni mwa karne ya 18, ambalo hubeba mfereji mzima wa Kennet na Avon, pamoja na mashua zake, juu ya bonde la mto. Pembeni mwa maji ipo njia waliyopita farasi waliokuwa wakizivuta mashua hizo. Ni ya changarawe, ni nyembamba, na waishio katika mashua huiwekea vyungu vya maua na kuni. Hapa huendi mbio, unakwenda kwa salamu.

Jioni, kilomita 50 zikiwa zimeshapita magurudumuni, nilikaa kwenye jukwaa la Mangotsfield na kumpigia simu mjomba wangu, Nachingwea. Nyumbani kwetu nako kulikuwa na reli, iliyojengwa kutoka pwani kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa karanga wa wakati wa mkoloni, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mjomba alikuwa mtoto, na filimbi ya treni anaikumbuka.

“Shikamoo, mjomba. Nimekaa stesheni, lakini treni haiji.”

“Marahaba, mwanangu. Imeharibika?”

Nikamweleza yote, kuanzia sepetu za mwaka 1979 hadi fidla iliyo ndani ya kilima. Alisikiliza bila kunikatiza. Kuna kipande cha tuta la zamani nyuma ya shamba lake, na kwa miaka mingi amekuwa akikipita kwa baiskeli kwenda mjini ili kuyakwepa malori ya korosho.

“Na maji ya mvua,” akauliza mwishoni, “wanayapeleka upande gani? Maana letu hukatika palepale, penye kalavati, kila masika.”

Nilishuka hadi ukingoni nikiwa na simu mkononi, nikauinamia mtaro wa mawe uliofunikwa na majani, nikaanza kumwelezea ulivyopangwa.