Kauli ya Ami

"Baba'ko hakuyajua haya."

Kauli hiyo inanizunguka kichwani tangu Jumatano. Ami, ndugu yake Baba, aliitoa karakanani kwetu akiwa ameishika redio yake kwa mikono miwili, sauti imetoka safi, mtangazaji anasoma taarifa ya saa saba, nami nimesimama mbele yake na kipande cha waya mkononi nikingoja neno jingine lolote. Halikuja. Akaiweka redio juu ya kabati la vifaa, akawasha mashine, akaendelea na shafti ya watu.

Mnaomjua Ami kwa niliyokwisha kuandika mnaelewa kwamba hasemi ovyo. Ndiyo maana neno lake likikaa vibaya linakaa muda mrefu. Wiki hii tumepata kazi ya mageti ya shule, mke wa mdogo wangu kajifungua salama mtoto wa kike, na bado nikilala usiku ninachokisikia ni hicho: baba'ko hakuyajua haya.

Nianze na redio yenyewe. Karakana yetu ilipokuwa kwenye lile banda la wazi Ngamiani, hapa Tanga, redio ya Ami haikuwa na shida. Tangu tuhamie jengo hili la mabati, mabati ukutani, mabati juu, mabati milangoni, ikanyamaza. Chini ya mwarobaini nje inaongea vizuri tu. Akivuka nayo kizingiti inaanza kukwaruza, akifika kwenye mashine ya kukereza hakuna kitu. Ami amekereza vyuma tangu sijazaliwa, na miaka yote hiyo redio ilikuwa ubavuni mwake. Ghafla ikawa kila saa saba anazima mashine na kutoka kusimama nje, mzee wa umri ule, sikio limeinama kwenye spika. Siku Coastal Union wanapocheza ndiyo kabisa, anatoka na kurudi, anatoka na kurudi, na kazi inalala.

Mdogo wangu akashauri Ami atumie simu. Jengo limejengwa kwa mkopo alioubeba yeye, ana haki ya kuhesabu muda, lakini kwa hili nilimkatalia palepale. Redio ya FM ya kwenye simu inataka waya wa masikioni, kwa sababu waya huo ndio antena yake. Mtu gani mwenye akili anayening'iniza waya shingoni mbele ya chuma kinachozunguka? Ukinaswa unavuta na kichwa. Na aliyeziba masikio hasikii mwenzake akipiga kelele "zima!" Ami anastahili kusikiliza redio yake mahali anapofanyia kazi, kwa sauti inayotoka kwenye spika, na mikono yake ikiwa salama. Sikuona kwa nini hilo liwe jambo kubwa kuliomba.

Wengine walisema anunue redio mpya. Wengine wakasema avute mkonga wa antena mpaka mwisho, aongeze sauti. Hayo yote hayasaidii, na sababu yake inajulikana tangu zamani. Mwaka 1836 kule London, mwanasayansi Michael Faraday alitengeneza chumba kilichofunikwa metali, akaingia ndani na vipimo vyake, umeme mkali ukapitishwa kwa nje. Ndani hakupima kitu. Jengo letu ni chumba hicho hicho, ila lina milango. Mawimbi yanayofika kwenye bati yanamalizikia kwenye bati, na yale machache yanayoingia yanapitia mlangoni na kwenye yale mabati ya plastiki ya kupitisha mwanga. Sasa wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, kwa hiyo mlango mpana linaweza kuupenya. Wimbi la masafa ya kati, yaani MW, la kilohezi 1000, lina urefu wa mita 300. Hilo mlango wetu haliuoni. Ndiyo maana FM ilikuwa ikikwaruza karibu na mlango, na ile MW ambayo Ami huipenda usiku ilikufa kabisa hatua chache tu ndani. Hata redio ya bei gani ukiileta, haiwezi kupokea kitu ambacho hakijafika ilipo. Antena ndiyo itoke nje.

Na hapa ndipo jengo lilipobadilika likawa rafiki. Antena rahisi kuliko zote ni fimbo iliyosimama wima, urefu wake robo ya wimbi, na chini yake pawe na metali pana. Robo ya mita 3 ni sentimita 75. Metali pana tunayo, paa zima! Nikachukua fimbo ya shaba ya kuchomelea, nikaikata kwa kipimo hicho, nikakereza bushi ya nailoni ili fimbo isimame juu ya bati bila kuligusa. Waya ni ule wa kawaida wa antena ya televisheni. Uzi wa kati ukaenda kwenye fimbo, na ule wavu wa nje ukabanwa kwa boliti kwenye bati. Hapo pa boliti nilikwangua rangi mpaka bati likang'aa, maana rangi ingezuia mgusano na kazi yote ingekuwa bure. Tundu nikaliziba kwa silikoni, na fimbo nimeiweka upande ulio mbali kabisa na nyaya za umeme zinazoingia jengoni.

Chini, uzi wa kati nimeubana kwenye mkonga wa redio kwa kibanio kidogo, na wavu nimeupeleka kwenye hasi ya betri. Sauti ikaja. Stesheni za hapa Tanga zote, TBC Taifa bila kukwaruza, na nikizungusha taratibu naokota hata za ng'ambo, upande wa Pemba.

Palibaki mvumo mwembamba. Nikazima vitu kimoja kimoja, nikaukuta kwenye taa mbili za LED za bei nafuu juu ya meza ya kuchomelea. Nimezibadilisha. Mashine ya kuchomelea yenyewe ikiwaka, MW inachafuka ovyo, lakini FM haijali sana, kwa kuwa FM hubeba sauti kwa kubadili kasi ya mtetemo wa wimbi, na kelele za cheche huharibu zaidi nguvu yake. MW bado nawaza namna ya kuitendea haki. Ile inataka waya mrefu nje na namna nyingine ya kuuingiza kwenye redio, na redio yenyewe iwekwe mbali na zile mashine. Ipo siku.

Basi ndipo Ami akaichukua redio, akasikiliza, akaniuliza, "Nani kakuonyesha?"

Nikamjibu, "Baba, Ami."

"Baba'ko hakuyajua haya."

Nilimjibu "Baba" bila kufikiri, kwa sababu kwangu ndivyo ilivyo. Mwaka 1988, mwaka ule Wagosi, yaani Coastal Union, walipochukua ubingwa wa ligi, nilikuwa sijaanza shule, na picha niliyonayo ni Baba uani na waya wa shaba unaotoka dirishani kwenda kwenye mwembe, redio mezani, wanaume wameizunguka. Kila nishikapo waya namwona yeye. Hakuna kitu kingine cha ufundi ninachokikumbuka kutoka kwake kwa macho yangu mwenyewe, mengine yote nimesimuliwa. Kwa hiyo Ami aliposema vile niliona kama ameingia ndani ya picha ile na kumtoa Baba. Ndugu yake wa tumbo moja, tena marehemu. Kwa nini aseme? Alitaka nijue kwamba yeye ndiye mjuzi? Niligeuza sauti yake kila upande. Haikuwa na ukali. Haikuwa na upole pia. Nikawa naenda kazini, namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, na najikuta nimekaza taya.

Ijumaa jioni nikamweleza Mama. Alikuwa anakuna nazi. Akaacha mbuzi, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Ule waya wa mwembeni? Baba'ko na Ami yako waligombana juu ya ule waya mchana kutwa. Huyu anataka upite juu ya paa, yule anataka uende mwembeni. Mpira umeanza, wao bado wanabishana."

"Nani alikuwa wa paa, Mama?"

"Sasa mimi nitakumbuka? Nilikuwa jikoni na wageni wao wote wale."

Sijui nieleze vipi jinsi kifua kilivyofunguka. Nimewaona sasa wote wawili, vijana, kila mmoja ameshika upande wake wa waya, na hakuna kati yao aliyekuwa na habari za robo ya wimbi wala bushi ya nailoni. Kama Baba hakuyajua haya, Ami naye hakuyajua. Huenda alilolisema siku ile lilikuwa linawahusu wao wawili, akamtaja mmoja tu kwa kuwa mwenzake hayupo tena. Sitamuuliza. Jana alikuja mteja na shafti ya mashine ya kusaga, akaona ile fimbo juu ya paa, akauliza kama ni ya radi. Ami akasema, "Ya redio. Kaifanya mtoto wa kaka." Kisha akamweleza yote, boliti, rangi iliyokwanguliwa, na kwamba wingu la radi likionekana waya unachomolewa kwenye redio, maana fimbo ile si kinga. Alieleza bila kukosea popote. Nilikuwa nyuma ya kabati la vifaa na nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Lakini kuna jingine la Ijumaa hiyohiyo. Mama alipokuwa anajifuta macho alitazama taa ya uani akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba siku hizi taa ina duara za rangi pembeni kama upinde wa mvua, na jicho la kulia usiku linamuuma hadi kichwani. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya Ramadhani. Hakumwambia mtu! Nimesoma kidogo na nilichokisoma kuhusu presha ya macho hakikunipa usingizi, kwa sababu wanasema kuona kunakopotea kwa ugonjwa ule hakurudi. Kesho alfajiri nampeleka kliniki ya macho, mageti ya shule yatasubiri. Yeye anasema niache, nazi ndiyo iliyomrukia jichoni.