Siku Mkaguzi Alipoliomba Daftari Kwanza

Mkaguzi wa kuidhinisha ndege niliyoijenga mwenyewe alifika asubuhi, akatusalimu, lakini hakwenda kwenye ndege. Nilikuwa nimefungua vifuniko vyote, nimeng'oa sakafu na boneti ya injini ili asikose kuona bolti hata moja. Yeye alivuta kiti, akaketi mezani, akaliomba daftari la ujenzi, nilimoandika na kuweka picha za kazi yangu.

Nilijua sababu. Ndege yangu, ya viti viwili, ilijengwa ndani ya karakana ya kampuni iliyoniuzia vipande vyake, katika jimbo la Washington nchini Marekani, na mafundi wa kampuni walikuwa karibu muda wote. Ilikuwa mwaka 2015. Mtu aliyejenga ndege kwenye gereji ya nyumbani kwa miaka mingi hakuulizwa sana kama kweli aliijenga mwenyewe. Sisi tuliomaliza kwa majuma machache kiwandani tuliulizwa, na naona ilikuwa haki tuulizwe.

Sheria yao, kifungu cha 21.191(g), inataka sehemu kubwa ya ndege iwe imetengenezwa na kuunganishwa na watu waliofanya kazi hiyo kwa kujifunza au kujiburudisha tu. Wajenzi wanaiita kanuni ya asilimia 51. Wengi hudhani inapimwa kwa fedha au kwa saa, kumbe hupimwa kwa kazi. Kuunda mbavu za bawa ni kazi, kufunga usukani wa mkia ni kazi nyingine, na kila moja hugawanywa: kiasi gani kilitoka kiwandani, kiasi gani kilifanywa na msaidizi wa kulipwa, kiasi gani ni cha mjenzi. Injini, propela, magurudumu na breki unaweza kununua vikiwa tayari bila hesabu yako kuharibika.

Mwaka 2008 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilisimamisha kwa muda tathmini za seti mpya za vipande vya kujengea ndege, kwa sababu kulikuwa na watu waliolipa ndege ijengwe na wengine, kisha wakatia sahihi kwamba wao ndio wajenzi. Mwaka uliofuata ukatoka mwongozo mpya na fomu mpya ya kugawa kazi. Watu wa namna hiyo walituponza wote. Anayetia sahihi juu ya kazi asiyoifanya anaweza kupewa haki ya kuikagua kila mwaka ndege asiyoijua ndani yake.

Mkaguzi alisimama kwenye picha moja. Fundi wa kampuni alikuwa ameshika bunduki ya kupigia ribiti, yaani vipini vya chuma vinavyounganisha mabati ya ndege, mimi nimeshika chuma cha kuzuilia upande wa pili.

"Hapa nani anajenga?" aliuliza.

"Ananionyesha," nilimjibu. "Ubavu huu wa kwanza ni wake, na nimeuandika kuwa ni wake. Zinazofuata zote nilizipiga mwenyewe."

Alifunua ukurasa wa pili, akakuta maandishi hayo na tarehe. Kiwanda kinaruhusiwa kumfundisha mjenzi kwa kumwonyesha. Ila kipande alichokifanya mwalimu hakiingii kwenye fungu la mwanafunzi, na msaada wa kulipwa lazima utajwe kwenye tamko la mjenzi. Nilikuwa nimeutaja wote.

Kisha akauliza swali lililonifurahisha kuliko yote: ribiti nzuri naijuaje? Nikamwambia kichwa kinachojitokeza upande wa nyuma kinapaswa kuwa na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo cha ribiti, na urefu wa nusu ya kipenyo hicho. Akaniuliza kwa nini tunakwangua kingo za tundu baada ya kutoboa. Nikamweleza kuwa ufa huanzia kwenye makali hayo madogo, bawa likitikisika hewani unatambaa. Nilikuwa nimekwangua matundu hadi vidole vikafa ganzi. Maswali yale niliyajibu kwa raha. Hakuna picha ingeweza kumthibitishia zaidi ya hapo.

Ndipo akainuka kwenda kwenye ndege. Aliisukuma fimbo ya kuongozea ndege kushoto, akahakikisha eleroni ya kushoto, kibao cha nyuma ya bawa kinachoinamisha ndege, inapanda na ya kulia inashuka, maana usukani uliofungwa kinyume umewahi kuua marubani mara tu walipoacha ardhi. Aliangalia karatasi za uzito na usawa wa ndege, kibati kisichoungua moto chenye jina langu kama mjenzi, neno EXPERIMENTAL (ya majaribio) karibu na mlango, na onyo kwa abiria kwamba ndege hii haikidhi kanuni za usalama za ndege za kawaida. Aligundua nati moja haina alama ya rangi ya kuonyesha kwamba imekazwa kwa kipimo. Tukaikaza mbele yake.

Alasiri alitia sahihi cheti cha rangi ya waridi cha kuruhusu ndege iruke na kunikabidhi kurasa za masharti. Kwa kuwa injini na propela yangu hazikuwa jozi iliyoidhinishwa, nilipewa saa 40 za majaribio badala ya 25, ndani ya eneo lililochorwa mbali na makazi ya watu wengi, bila abiria. Baadaye nikaomba pia cheti cha fundi wa ndege ile moja, kinachoniruhusu kuifanyia ukaguzi wa kila mwaka. Afisa aliyenihoji naye alianza kwa kuomba daftari.