Siku moja maishani mwangu: leso moja, simu tatu na kidole gumba

Saa 12 asubuhi

Alhamisi ya tatu ya kila mwezi sitengenezi kitu kipya. Nakaa na watu, nawatazama wakitumia nilichokitengeneza. Kazi yangu ni tovuti na programu za simu za wafanyabiashara wadogo wa hapa Mombasa, na mwezi huu niko na duka moja la leso, yaani kanga, la Biashara Street. Wateja wao wa Lamu, Malindi na Nairobi wamechoka kuagiza kwa kutumiana picha. Tovuti imekaribia kufunguliwa, lakini sitaki ifunguliwe kabla sijaona watu watatu wakinunua mbele ya macho yangu.

Natia kahawa kwenye chupa, natoa karatasi, naandika kazi nitakayowapa. Sentensi chache tu, na bado zanichukua karibu saa nzima. Nikiandika "Tafuta leso kisha uiweke kikapuni," nimeshamwonyesha njia, maana "Weka kikapuni" ndiyo maneno yaliyo kwenye kitufe. Kwa hiyo naandika jambo lenyewe kama linavyotokea nyumbani: "Mamako yuko Malindi. Wataka kumpelekea leso ya 'Nani kama mama' kabla ya Ijumaa ijayo. Una shilingi 1,000." Basi. Njia ataitafuta mwenyewe.

Saa 3 asubuhi

Wa kwanza ni jirani yetu hapa Kibokoni, mama wa miaka sitini na kitu ambaye mtaa mzima twamwita Khala. Amenunua leso maisha yake yote. Tumekaa barazani, yeye na simu yake mwenyewe. Huwa simpi mtu simu yangu, kwa sababu herufi amezikuza kwa macho yake na kidole chake kimeizoea ile ile. Bando nimemwekea mimi, na nimemwomba ruhusa ya kurekodi skrini.

Kisha naja kwenye jambo gumu kuliko yote, na sijaliona likielezwa vizuri kwenye mafunzo niliyosoma. Kanuni ya kazi hii ni kwamba mtu akikwama usimsaidie. Anene kwa sauti kila linalompitia akilini, nawe unyamaze. Kwetu, kumwacha mtu mzima ahangaike mbele yako huku umekaa kimya ni utovu wa adabu. Mimi nimeona dawa yake ni kuomba radhi kabla ya kosa. "Khala," namwambia, "ukiniuliza nitanyamaza, au nitakurudishia swali lako. Si jeuri. Twaijaribu tovuti, hatukujaribu wewe. Ukikwama popote, hapo nimekosea mimi." Akacheka, akasema, "Haya mwanangu, nimekuwia radhi." Tangu hapo nilikuwa huru kunyamaza, naye alikuwa huru kukwama.

Akaanza vizuri. Kisanduku cha kutafutia alikiona mara moja, akaandika polepole kwa kidole gumba: nani kama mama. Tovuti ikajibu: Hakuna kilichopatikana.

Leso hiyo ipo. Nimeipakia mwenyewe. Lakini dukani wameziorodhesha kwa nambari na rangi, nami nikazinakili hivyo hivyo: 204, nyekundu na nyeusi. Khala akaitazama skrini, akanitazama. "Leso haiitwi kwa nambari, mwanangu. Leso ina jina lake."

Nami nalijua hilo tangu utotoni. Leso ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndilo linalomfanya mtu aichukue au aiache. Usimpelekee mtu leso bila kulisoma jina, unaweza kuvunja udugu. Nalijua, na bado nilipokaa kutengeneza nilifuata daftari la duka.

Akaanza kuzipitia picha moja moja. Akaweka vidole viwili kuikuza picha asome jina, picha haikui. Akaisogeza simu mbali, akavua miwani, akavaa tena. Dakika nne. Mkono wangu ulikuwa umeshika ukingo wa baraza ili usiende kwenye ile simu.

Akaipata. Chini ya bei pameandikwa "Idadi" na tarakimu 1. Akasita, akabonyeza alama ya kujumlisha, ikawa 2. "Leso ni mbili," akajisemea. Jumla ikaruka kutoka 700 hadi 1,400. Kwenye mfumo wetu 1 ni pea nzima, kwa hiyo alikuwa ameagiza leso nne. "Ghali," akasema, lakini hakurudi nyuma kuangalia.

Tulipomaliza nikamuuliza ameionaje. "Mashallah, nzuri sana. Mungu akubariki."

Kwa hiyo mimi sikusanyi maoni. Mtu wa pwani hatakuambia usoni kwamba kazi yako mbaya, hasa ukiwa umemkaribisha kahawa. Ningemuuliza tu, ningeandika "ameipenda" na kufungua tovuti inayouza leso nne kwa anayetaka mbili. Sifa nazipokea kwa shukrani. Ninachoandika ni kile kidole kilichofanya.

Saa 5 asubuhi

Dereva wa tuktuk wa stendi yetu, kati ya abiria na abiria. Pesa za kulipia nimemtumia kabla, ili alipe kweli, maana mtu akilipa pesa za kuigiza huwa hajihadhari. Kutafuta kulimsumbua vile vile, ila alipofika kwenye malipo ndipo nilipojifunza. Rekodi naisimamisha hapo kila mara. PIN ya mtu siitaki hata kwa bahati mbaya. Akaandika nambari yake ya M-Pesa, akabonyeza, na papo hapo ombi la PIN likafunika ukurasa, likiwa na jina la biashara lililosajiliwa, ambalo silo lililo kwenye kibao cha duka. Akalikataa. "Nani huyu? Sijanunua kitu kwa huyu."

Amefanya sawa kabisa. Ningekuwa mamake ningemsifu. Ukurasa wetu haukumwambia kwamba ombi litakuja wala litakuja kwa jina gani.

Saa 6 mchana

Mwanafunzi wa chuo kikuu kule Tudor. Ana kasi, amemaliza haraka. Lakini kwenye "Idadi" naye akasimama. "Moja hii ni kipande au pea?" Nikamrudishia swali lake. Akakisia sawa. Kukisia sawa si kujua, kwa hiyo nikaandika.

Saa 8 mchana

Mwenye duka amekuja baada ya swala, tumekula wali wa nazi na samaki, kisha nikamwonyesha vipande vya rekodi. Huwa naomba sana mwenye mali aone mwenyewe kuliko kumwandikia ripoti. Alipomwona Khala alisema, "Huyu mama hajazoea simu." Nikamwekea ya mwanafunzi akisita pale pale. Akanyamaza.

Akauliza kama watu watatu wanatosha kuamua jambo. Nikamweleza hesabu ambayo watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer waliichapisha mwaka 1993: katika miradi waliyoichunguza, mtumiaji mmoja kwa wastani alifichua kama asilimia 31 ya kasoro, na wakifika watano zinaonekana kama asilimia 85. Baada ya hapo unaona yale yale tena na tena. Mimi naona bora watatu mwezi huu, turekebishe, kisha watatu wengine mwezi ujao, kuliko kumi kwa mkupuo na orodha ndefu isiyoguswa. Tukachagua mambo matatu tu: jina, pea, na ombi la PIN.

Saa 9 mchana hadi magharibi

Leso ziko 86. Mwenye duka anazikunjua kwenye meza, anasoma jina, mimi naandika. Penye "Idadi 1" sasa pameandikwa "Pea 1, leso 2". Kabla ya malipo nimeongeza mstari: "Utaletewa ombi la PIN kwa jina hili," na jina lenyewe chini yake. Kukuza picha kutangoja.

Saa 1 usiku

Nimerudi kwa Khala, na mahamri mkononi. Kazi ile ile. Akaandika nani kama mama, ikatokea ya kwanza. Akasoma "Pea 1, leso 2", akatikisa kichwa kukubali, hakugusa alama ya kujumlisha. Kidole kikashuka hadi kwenye ukurasa wa anwani, penye kisanduku cha "Mtaa" na kingine cha "Nambari ya nyumba". Kikasimama.

Akafikiri kidogo, kisha kwenye kisanduku cha mtaa akaandika: nyuma ya msikiti muulize mwalimu wa madrasa.

Nikatoa karatasi, nikaandika tarehe ya Alhamisi ya tatu ya mwezi ujao, na chini yake maneno yake kama alivyoyaandika.